Gasketi ya Padri na Jicho la Bibi

Mwanangu, iko asubuhi moja ya miaka ya tisini ambayo nikiikumbuka tumbo langu hujikaza mpaka leo, ingawa siku hizi ni tumbo kubwa na kulikaza si kazi ndogo. Ni asubuhi tuliyoondoka Kasansa na bibi yangu kumpeleka hospitali Mpanda akafanyiwe upasuaji wa jicho. Nataka nikueleze yaliyotupata njiani, kisha nikuombe jambo moja. Bado sijafika umri wa kutembea na fimbo, lakini vijana wa mtaa wetu wa Kawajense wameanza kuniamkia kabla mimi sijawaona, na hiyo nimeichukua kama ruhusa ya kutoa nasaha.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka ule. Nilirudi Mpanda kwa treni nikiwa na shahada ya sosholojia, yaani elimu ya namna watu wanavyoishi pamoja, na mkononi nikiwa na saa ya plastiki iliyolia "pi-pi" kila saa ilipotimia. Nikuambie ukweli, niliipenda saa kuliko shahada. Saa ilionekana.

Bibi Kabula, mama yake mama yangu, alikuwa haoni tangu mimi niko sekondari. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulianza upande mmoja, ukahamia wa pili, na watu wa nyumbani wakazoea kumshika mkono. Wiki ile hospitali ya Mpanda ilikuwa imepokea madaktari wa macho kutoka mbali, na tangazo likasema wagonjwa wapya watapokelewa mpaka Alhamisi asubuhi, basi. Baada ya hapo madaktari wangepanda treni, na hakuna aliyejua kama wangerudi tena. Mimi ndiye niliyelisikia tangazo. Mimi ndiye niliyemkimbilia mjomba wangu Masanja kule Mwamkulu kumwomba gari. Kwa hiyo, mwanangu, taratibu nilianza kuona kwamba hata jicho lenyewe ni langu.

Mjomba Masanja alilima mpunga, na alikuwa na pikapu kuukuu lililonizidi umri. Zamani lilikuwa la padri mmoja mzee, na jina la mwenyewe lilibaki kwenye gari: tuliliita Padri. Padri hakuwashwa kwa ufunguo. Ulichomeka hendeli puani mwake, ukazungusha kwa nguvu, ukaomba. Mjomba alimfungua na kumfunga mwenyewe, hakuruhusu fundi mwingine amguse. "Hii injini naijua kuliko nguo zangu," alipenda kusema, na ukitazama nguo zake uliona kwamba hakuwa amejisifu sana.

Tulifika Kasansa Jumanne jioni. Nilimkuta bibi amekaa nje, nikamwambia: "Bibi, kesho asubuhi tunaondoka kwenda hospitali. Beba khanga mbili na bakuli." Akasema, "Haya, mume wangu." Usishangae neno hilo. Kwetu Wasukuma bibi humtania mjukuu wake wa kiume kama mumewe, na bibi yangu aliifanya ndoa hiyo kwa bidii. Nilisikia "haya" yake, nikaridhika, nikaenda kulala.

Asubuhi tulikuta maji chini ya gari.

"Rejeta inavuja," mjomba alisema akiwa amelala chini ya Padri, miguu tu ikionekana. "Ngoja niifungue niipeleke Majimoto, kuna mtu anachomelea. Mchana tutakuwa tumeondoka."

"Mjomba, mchana ni mbali mno. Weka mayai."

Madereva wengi wa njia ile walifanya hivyo. Unavunja yai bichi ndani ya rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, maji yakipata moto yai linaiva na kuziba tundu. Mjomba alitoka chini ya gari akanitazama. Alilijua jambo hilo, na alijua pia kwamba ni jambo la kukufikisha kijiji cha jirani, si la kukuvusha mbuga ya Katavi. Lakini mgonjwa alikuwa mama yake, na mimi nilikuwa nimeinua mkono wenye saa.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea ukuta. "Mayai yapo kwenye kikapu jikoni," alisema. "Chukueni yote."

Tukachukua yote. Mayai yakaziba tundu, tukaondoka kwa shangwe. Kisha, mwanangu, yakaendelea kuziba. Yaliziba na njia nyingine zote ambazo maji yalitakiwa kupita.

Tulipita Majimoto, tukapita Usevya. Mshale wa kuonyesha joto la injini ulikuwa umekufa tangu enzi za padri mwenyewe, kwa hiyo hatukuonywa. Kabla hatujafika Kibaoni Padri akaanza kukohoa, akapunguza mwendo mwenyewe, akatoa moshi mweupe nyuma na mvuke mbele, akasimama. Gari zima lilinuka mayai ya kuchemsha.

Mjomba alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

"Gasketi imeungua," alisema.

Kama hujawahi kuona injini imefunguliwa, gasketi ni bamba jembamba, hii ya kwetu ilikuwa ya shaba, linalolala kati ya mwili wa injini na kichwa chake. Kazi yake ni kutenganisha moto, maji na oili. Ikiungua, hivyo vitatu vinatembeleana, na gari haliendi popote.

"Mume wangu," bibi aliita kutoka ndani, "mbona mmenyamaza? Tumefika?"

"Bado, bibi. Gari limeharibika kidogo."

"Mayu, ni gasketi," mjomba alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Simjui huyo. Lakini kwa sauti yako, Masanja, ameshakufa."

Saa yangu ikalia pi-pi. Nilitazama barabara mbele, vumbi tupu, nikatazama nyuma, vumbi lile lile. Nilimwona daktari akifunga sanduku lake. Nilimwona bibi amekaa gizani miaka yake yote iliyobaki, na watu wakisema, mjukuu wake msomi alimfikisha mpaka karibu na Kibaoni.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja Msukuma aliyetokea porini na jozi ya maksai, anatoka kusomba kuni. Mimi ningemwomba msaada palepale, lakini bibi alikuwa amesikia kwato, akamsalimia kutoka dirishani. Na salamu za kwetu unazijua. Waliulizana wametoka wapi, baba zao walihama na ng'ombe kutoka upande gani wa Shinyanga, nani alioa wapi, malisho yakoje. Nilizunguka gari. Nilipiga teke gurudumu. Walipofika kwenye mjomba wa nani aliyemwoa dada wa nani, ikabainika ni ndugu, au karibu ndugu, na mzee akafunga mnyororo wake kwenye bampa ya Padri bila kuombwa.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Kibaoni, tukivutwa na ng'ombe. Mjomba alishika usukani kwa heshima zote, kama anayeendesha kweli. Bibi alikaa pembeni yake, amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona mwaka ule. "Hawa wamefundishwa," alikuwa akisema. "Sikia wanavyokanyaga pamoja. Masanja, uza hili dude ununue hawa." Mimi nilitembea nyuma nikisukuma gari ambalo halikuhitaji kusukumwa. Nilisikia kicheko cha bibi, na hata sikujiuliza kwa nini mtu aliyechelewa hospitali anacheka.

Maksai walitufikisha mbele ya duka la Mzee Hamisi, mfanyabiashara ambaye baba yake alihamia huku kutoka upande wa Ujiji. Alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi na kibaraza kirefu chenye kivuli. Alimpa bibi mkeka na maji ya kunywa, akampa mjomba nafasi ya kufanyia kazi, na mimi akaniambia nikae chini, ninawazuia wateja upepo.

Mjomba alianza kwa kungoja. Injini ilikuwa ya moto, na kichwa cha injini ukikifungua kikiwa cha moto kinaweza kupinda. Nilitaka kulia. Kilipopoa alifungua nati moja moja, akanipa bati nizipange, akakinyanyua kichwa kizito akakilaza juu ya gunia. Gasketi ilikuwa imetoboka kati ya silinda mbili, pameungua peusi.

"Mpanda hakuna gasketi ya gari hili," nilisema. "Labda Tabora. Mjomba, tumekwisha."

Mjomba aliingiza mkono nyuma ya kiti akachomoa gasketi nyingine, imebanwa kati ya maboksi mawili. Ilishawahi kutumika, lakini ilikuwa nzima. Shaba ikishabanwa mara moja inakuwa ngumu, haikubali tena kuziba. Kwa hiyo aliiweka juu ya jiko la mkaa la mke wa Mzee Hamisi mpaka ikawa nyekundu pande zote, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ilipotoka ilikuwa laini kama mkanda wa zamani.

"Sasa kioo," mjomba alisema.

"Kioo cha nini?" Mzee Hamisi aliuliza.

"Nataka kitu kilichonyooka kuliko kingine chochote hapa Kibaoni. Nihakikishe kichwa hakijapinda."

Kilichonyooka kuliko vyote kilikuwa kioo cha kabati la duka, kile kilichofunika biskuti na betri. Mzee Hamisi alikitoa kama anayemtoa binti yake. Mjomba alikilaza juu ya meza, akatandika msasa juu yake, akakisugua kichwa cha injini taratibu, huku na huku, na kila baada ya muda anakiinua kutazama sehemu zilizong'aa na zilizobaki nyeusi. Mzee Hamisi alisimama karibu mikono imeshika mashavu. "Masanja, polepole. Masanja, hicho kioo kimetoka Kigoma bila ufa." Mimi nilisimama upande wa pili nikiuliza, "Bado?" Nikauliza tena, "Bado, mjomba?"

"Ukiuliza tena nakuachia spana, umalizie mwenyewe," mjomba alisema.

Nikanyamaza. Lakini saa haikunyamaza.

Jua lilikuwa limeshuka wakati mjomba anarudisha kichwa mahali pake. Alikaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, akirudia mzunguko, ili shaba ilale sawasawa. Rejeta tuliisuuza mpaka vipande vya mwisho vya mayai vikatoka, na tundu lake akaliziba kwa risasi ya kulehemu aliyoiyeyusha juu ya jiko lile lile. Nikazungusha hendeli. Padri akapiga chafya, akakataa, akapiga chafya, akaunguruma. Hakutoa moshi wowote mweupe. Kibaraza kizima kilipiga makofi. Mjomba aliiacha injini ipate moto, kisha akaizima.

"Sasa tunamwacha apoe usiku kucha," alisema. "Shaba ikishapata moto inalala, nati zinalegea. Asubuhi nazikaza tena injini ikiwa baridi, ndiyo tunaondoka."

"Mjomba, kesho ndiyo Alhamisi!"

"Najua kesho ni siku gani."

"Tukikwama tena asubuhi je? Jua bado lipo. Tuvuke mbuga sasa hivi, tulale Sitalike. Nati utazikazia huko. Mjomba, ni mama yako huyu. Akiwakosa madaktari kesho, tutamwambia nini?"

Hilo la mwisho sikupaswa kulisema. Mjomba alitazama injini, akatazama jua, akamtazama mama yake pale kwenye mkeka. Nilimwona akiogopa, na nilifurahi kwamba anaogopa, kwa sababu sasa tulikuwa wawili. Akainama kuokota spana.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Mayu, tunaondoka. Nikushike mkono."

"Mimi sipandi," alisema bibi.

Tulidhani hatukusikia.

"Bibi, gari limepona," nilisema.

"Kama limepona lipandeni nyie."

"Bibi, madaktari wanaondoka!"

"Wafike salama."

Mjomba alichuchumaa mbele yake. "Mayu, kuna nini?"

Bibi alikuwa ameushika ukingo wa mkeka kwa mikono yote miwili. Wakati huo huo saa yangu ikalia, na nikaona mabega yake yakiruka.

"Kwanza, mume wangu, vua hiyo kitu," alisema. "Tangu jana inalia, na kila ikilia naona kisu kimesogea."

Niliivua. Sikujua namna ya kuinyamazisha. Mzee Hamisi aliichukua akaifukia ndani ya gunia la maharage, akarudi kukaa.

"Nilipowapa mayai," bibi alisema, "niliyaombea. Nilisema, mayai yangu, msizibe. Gari liliposimama nikashukuru. Wale maksai, nilitaka watembee mpaka mwakani. Kasansa wanasema daktari analitoa jicho, analiweka hapa shavuni, analisafisha, kisha analirudisha. Mtu akikohoa je? Inzi akitua?"

"Mbona hukusema, bibi?"

"Nimwambie nani? Ulifika jana ukasema, beba khanga mbili. Mbuzi wa mnadani wanamshika mgongo, wanamfungua mdomo wamtazame meno. Mimi hata meno hamkuyauliza."

Mzee Hamisi alikohoa kidogo. Mjomba alikuwa anaifuta spana safi kwa kitambaa kichafu.

"Na jingine," bibi aliendelea, safari hii polepole. "Babu yako amekufa mimi sioni. Nilisikia vilio, nikashikishwa udongo, nikautupa. Kigoda chake kiko palepale nje. Nikipita nakigusa kwa mguu, nasema, mwenyewe ameenda kuangalia ng'ombe. Sasa nyie mnataka nikitazame."

Mwanangu, nilikuwa nimesoma miaka mingi juu ya namna watu wanavyoishi pamoja. Nilikaa chini juu ya sakafu, karibu na mkeka wake.

"Haya, wewe mwenye kusoma," bibi alisema, na sauti yake ilianza kurudi kwenye utani. "Niambie basi. Jicho wanalitoa au hawalitoi?"

Nilifungua mdomo. Nilijua mlango wa hospitali tutakaoingilia. Nilijua saa ya kupokewa wagonjwa, siku ya treni, na mahali pa kuegesha Padri kwenye kivuli. Lakini kile watakachomfanyia bibi yangu nilikuwa sijamuuliza mtu yeyote.

"Sijui, bibi," nilisema.

"Hawalitoi," alisema Mzee Hamisi. Alisogeza kiti chake karibu na mkeka, akaonyesha jicho lake la kulia, kisha akakumbuka kwamba bibi haoni, akauchukua mkono wa bibi akauweka kwenye uso wake mwenyewe. "Hili hapa, mama. Walinifanyia Tabora. Wanakuchoma sindano pembeni, panakufa ganzi. Unamsikia daktari anaongea na nesi habari za ugali wao. Wanakufunga kitambaa. Kesho yake wanakifungua, nikamwona mke wangu, nikawaomba wanifunge tena."

"Nimekusikia!" sauti ya mwanamke ilitoka ndani. "Na nani alikushika mkono kwenda chooni siku zote hizo?"

"Wewe, mama watoto, wewe."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho yale yasiyoona. Kisha aliuliza. Aliuliza inauma lini, alilala upande gani, na mtu akiona tena anaota ndoto zile zile au nyingine. Mzee Hamisi alijibu yote, aliyoyajua na, nadhani, mengine asiyoyajua. Mimi nilisikiliza maswali ambayo yalikuwa ndani ya gari lile lile na mimi tangu alfajiri.

"Nitalala na maneno haya," bibi alisema mwishoni. "Asubuhi nitawaambia. Nikisema hapana, mnanirudisha Kasansa, na asininunie mtu."

"Hakuna wa kununa, mayu," alisema mjomba.

"Na wewe, mume wangu?"

Sijawahi kutoa ahadi nzito kama ile, hata siku ya ndoa yangu ya kweli, na mama yenu analijua hilo. "Sitanuna, bibi," nilisema.

Usiku ule sikulala. Kulipopambazuka mjomba alifungua boneti, akaweka spana kwenye nati ya katikati, akavuta. Ilikubali kuzunguka. Ya pili ikakubali pia, na ya tatu, zote zikazunguka kama hazijawahi kukazwa. Alipomaliza alinitazama.

"Tungeondoka jana hivi," alisema, "saa hizi tungekuwa katikati ya mbuga, mbung'o wanatunywa, na gasketi nyingine sina."

Tulikwenda wote wawili kusimama mbele ya bibi, ambaye alikuwa ameshanawa uso na kujifunga khanga safi. Tulisimama kama watoto waliovunja chungu. Mimi, mwenye haraka, nilingoja.

"Twendeni," bibi alisema. "Nataka kumwona huyu Masanja kama kweli ameota kipara, maana kichwani mwangu bado ana nywele."

"Na kigoda, bibi?" nilimuuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake lisilo la lawama katika safari nzima.

"Kigoda nitakizoea. Ila mkinirudisha, siku ya kwanza mniache nacho peke yangu."

Tuliwahi. Tulifika na vumbi mpaka kwenye kope, watu wa mwisho kwenye foleni. Nesi aliuliza, "Mgonjwa amekubali kupasuliwa?" Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kwa mazoea, nikaufunga. Bibi akajibu, "Amekubali. Ila akianza kuogopa atasema, mumsikilize." Nesi alicheka, akamshika mkono, wakaingia.

Walimfanyia jicho moja. Kesho yake walipofungua kitambaa alimtazama mjomba kwanza. "Masanja," alisema, "nywele zako ulimpa nani?" Kisha akanigeukia mimi, akanipima kuanzia juu mpaka chini. "Ndiye huyu niliyeolewa naye? Nataka talaka." Na tulipomtoa nje alisimama mbele ya Padri, akamzunguka mara moja, akatikisa kichwa. "Hili ndilo mlinipandisha? Kweli kutoona kulinisaidia."

Siku tuliyomrudisha Kasansa mjomba alizima gari mbali kidogo na nyumba. Bibi alishuka mwenyewe. Alitembea polepole mpaka uani, akasimama mbele ya kigoda. Sisi tulifungua boneti tukajifanya tunatazama injini, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Bibi alifungua khanga ya mabegani, akakifuta kigoda vumbi, akakaa juu yake, mgongo umetugeukia. Baada ya kitambo alituita bila kugeuka: "Njooni mnywe maji. Hilo gari mtalitoboa kwa macho."

Basi, mwanangu, nasaha zenyewe ndizo hizi. Siku moja utakuwa na mtu wa kumpeleka mahali. Atakuwa mama yako, au bibi yako, au mimi, Mungu akipenda tufike huko. Utakuwa na gari zuri kuliko Padri na simu inayolia kuliko saa yangu. Utakuwa na hofu, na hofu yako itakuwa ya kweli, kwa sababu unampenda. Lakini hofu ya anayeendesha inapiga kelele sana, na anayebebwa anaweza kuwa na hofu yake amekaa nayo kimya hapo pembeni. Kabla hujamwambia abebe khanga mbili, kaa chini umuulize anaogopa nini. Na akikwambia, usimjibu kwa ratiba. Kama hujui jibu, sema hujui, umtafute anayejua. Akikataa, umrudishe nyumbani bila kununa. Hilo ni gumu, na mimi ambaye nilinusurika kulifanya nakuambia ni gumu.

Na kazi uliyoifanya kwa wasiwasi, hata ikionekana imekamilika, iache ipoe, uirudie asubuhi. Utakuta kuna nati zimelegea. Mimi huzikuta mpaka leo, hasa katika mambo niliyoyaamua kwa niaba ya wengine.

Mungu akupe watu wa kuwapeleka, na akupe masikio ya kuwasikia wangali hawajapanda. Akulinde barabarani, mbugani na mjini. Na siku utakayonishika mkono mimi kunipeleka nisikokujua, akupe subira ya kunisubiri nijibu. Amina.